Akylbek Beishenov, Aliyechora Wanaume Katika Milima

Theluji ilikuwa bado imeziba mlango Akylbek alipozaliwa, tarehe 14 Machi 1979, hapa Kara-Suu, mkoani Naryn. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Beishen na Mama Bübüsara. Mama anasema alitambaa kuufuata mlango kabla hajajua kukaa.

Alisoma shule ya kijijini, kisha chuo cha sanaa Bishkek, 1996 hadi 2001. Huko mwalimu aliwaagiza wachore mwanaume. Wenzake wakachora wapanda farasi na wacheza mieleka. Yeye akachora mlima.

"Kijana, nilisema mwanaume!"

"Ndiye huyo, mwalimu. Amechoka, kalala."

Hiyo ikawa kazi ya maisha yake. Kwani mwanaume lazima awe mgumu? Akachora vilima vyenye mabega, mabonde yanayopumua, safu mbili za milima zimeegemeana. Marehemu alipenda wanaume, na hakulificha hilo, si kwenye picha, si mezani kwa baba yake. Kutulia hakujua. Aliwahi kumfuata mnunuzi wa picha yake hadi mji wa Osh ili aifute humo theluji aliyosema inadanganya. Theluji inadanganyaje? Mpaka leo hatujui.

Hakufunga ndoa. Tangu 2012 aliishi na Syrgak Asanov, seremala aliyemtengenezea fremu. Mama alipouliza lini ataletewa mkwe, alijibu, "Si huyo hapo anakunywa supu yako, mama?" Mama akamwongezea Syrgak nyama. Mzee akatoka kuangalia farasi. Miaka yote alimwita Syrgak "yule fundi", jina hakulitaja.

Oktoba 2022 Akylbek aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Hospitalini alisumbua wauguzi wamsogezee kitanda dirishani. Alifariki Bishkek alfajiri ya 2 Mei 2023, Syrgak akiwa amemshika mkono.

Juzi jioni mwili ulipofika, wanaume wa ukoo walijipanga nje ya hema la msiba, wakaegemea fimbo zao, wakalia kwa sauti kama ilivyo desturi yetu. Syrgak alibaki langoni na wachota maji.

"Na yule fundi asimame wapi?" aliuliza Baba Mdogo Jolchu. "Hapa ni pa ndugu na wana tu, jamani."

Mzee Beishen alikwenda langoni, akampa fimbo yake mwenyewe.

"Syrgak, mwanangu. Njoo ulie na sisi."

"Na wewe, baba, utaegemea nini?"

"Bega lako."

Ameacha wazazi wake, dada yake Gülzat, wapwa wawili, na mwenzi wake Syrgak. Mungu amrehemu. Apumzike Akylbek wetu. Na kutulia kukimshinda, milima yote iko hapa.