Nthiwa na Ile Kelele ya Kamba

Mzee Nthiwa wa Ikutha amefanya kazi kwenye meli ndogo za abiria miaka thelathini na mmoja. Tarehe 31 Oktoba mwaka huu amestaafu akiwa serahangi, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitahani. Mwalimu Nzisa wa kanisa letu alitaka kuandika hii karatasi ya ibada ya shukrani, nikakataa. Yeye hajawahi kufunga meli gatini. Mimi Kivuva wa Kanyangi nimefunga, tena fundo langu halikufunguka hata siku moja, na huyo Nthiwa nilimfundisha mimi. Mkiona maandishi yamepinda, someni hivyo hivyo.

Nthiwa alishuka Pwani akiwa kijana wa kuchunga mbuzi. Maji mengi aliyokuwa ameona ni ya mto Athi ukifurika. Safari ya kwanza alitapika mpaka nahodha akauliza kama huyu ni baharia ameandikwa kazi ama ni mgonjwa anasafirishwa. Lakini alikuwa na nguvu, na alikuwa anasikiza. Kunishinda mimi hapana, lakini alikaribia.

Watu hufikiri hatari ya meli iko mbali huko kwa maji makubwa. Sivyo. Baharia wa meli ndogo huumia meli ikiwa imefika, abiria wameshika mizigo wanasukumana, kila mtu anataka kushuka wa kwanza. Hapo kamba ya kufungia inavutwa na uzito wa meli nzima. Ikikatika inarudi kama fimbo, na mguu uliosimama mbele yake umeenda. Ndiyo maana zamani kamba ikianza kulia tulipiga kelele, "Kamba!", ili watu watoke kwa njia yake.

Sasa ona shida. Watu wa Pwani walikuwa wanatuita sisi Wakamba hivyo hivyo. "Wee Kamba, leta ndoo." "Kamba, njoo chai imeiva." Siku moja Nthiwa aliona kamba ya nyuma inalia, akapiga kelele, "Kamba!" Muindi wa Mutomo alikuwa amesimama mbele yake kabisa. Hakutoka. Aligeuka akajibu, "Naam, nakuja." Kamba ikamkuta akiwa amegeuka hivyo.

Mguu wa Muindi haukurudi kuwa mguu wa kazi, na bahari ikaisha kwake. Leo anauza mbuzi soko la Mutomo, anatembea na fimbo, na akiulizwa anajibu, "Mimi nilivunjwa na kabila langu." Watu hucheka. Nthiwa sijawahi kumwona akicheka hapo.

Baada ya ajali Nthiwa alianza kutafuta neno lingine. Halafu asubuhi moja akatuita sitahani akasema, kuanzia leo hatusemi kamba, tunasema "Uma!" Kwa Kikamba ni toka hapo, vile mama anafukuza mbuzi kwa mahindi. Mswahili naye akisikia uma, anajua kuna kitu kinauma, anaruka bila kuuliza. Neno moja, na wote wamehama. Mimi ningelifikiria hilo neno, lakini siku hizo nilikuwa na mambo mengi.

Alipaka pia rangi nyekundu mahali kamba hupiga. Abiria wakafikiri ni mahali pa wageni wa heshima, wakajipanga mle ndani na masanduku yao. Nthiwa hakubishana nao. Alichora nyoka juu ya ile rangi. Nyoka mwenyewe alikuwa amevimba kama kiazi kitamu, lakini hakuna mama aliyekanyaga pale tena. Tangu hapo hakuna baharia wa meli yetu aliyeumizwa na kamba.

Lakini kampuni ilikuwa na meli nyingine, ya nahodha Kanyi, na huko vijana wetu wawili wa Ikutha walikuwa wameandikwa. Nthiwa alitaka jambo moja tu kabla ya kustaafu: Kanyi naye aache ile kelele ya zamani. Alimwendea mara nyingi. Kanyi ni Mkikuyu, hilo neno hata kwao ni toka, kwa hivyo alielewa vizuri sana. Alikuwa anamjibu, "Serahangi, meli yangu si shamba. Sifukuzi mbuzi." Nthiwa alikuwa anarudi, na usiku analala vibaya kwa ajili ya wale vijana.

Siku yake ya mwisho nilishuka Pwani mwenyewe kutoka nyumbani kumchukua. Alikuwa amesimama gatini na koti la kanisa, anaangalia meli ya Kanyi ikifungwa. Kamba ya mbele ikaanza kulia. Juu ya sitaha nikasikia sauti ya Kanyi, kubwa, "Uma!" Wale vijana wawili wakaruka kando. Nthiwa naye akaruka, maana alikuwa amesimama kwenye njia ya kamba. Miaka yote aliwatoa wengine. Siku hiyo alitolewa yeye.

Kanyi akamwambia kutoka juu, "Mzee, si ulitaka niseme? Basi toka."

Tulipanda basi la kurudi Ukambani, tukapita Voi. Halafu akasema, "Kivuva, kumbe ni neno fupi hivyo. Lingekuja mapema, Muindi angekuwa na mguu wake."

Nthiwa, asante kwa kila mguu uliorudi nyumbani mzima. Mkeo, Mama Mbithe, amekungoja muda mrefu, mpe hiyo miaka iliyobaki. Leo kanisani Muindi amekuwekea nafasi kando yake, keti hapo, usiangalie chini. Mungu akupe mvua, afya na usingizi. Umetoka, ndugu yangu. Kwa Kikamba tumekubali. Kwa Kiswahili bado inauma.