Keki Haikatwi Kabla ya Faili

Ninadai, na niko tayari kulitetea dai hili mbele ya yeyote, kwamba hakuna kazi iliyoubeba Muungano wetu wa Wafugaji Samaki hapa Otonglo zaidi ya ile ya Bi. Selpha Amolo, mtunza kumbukumbu, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Watakaopinga watataja vizimba, vifaranga na soko. Nawauliza: ramani za vizimba hivyo huzipata wapi?

Bi. Selpha alianza na makabati ya chuma. Faili zilipohamia mtandaoni alihamia nazo, akilalamika tu kwamba folda haina mlango wa kubamiza pale mtu anapomkera.

Wakongwe wanaikumbuka arusi ya Nasir. Afisa wetu huyo wa nyanjani alikuwa ameacha kazi, ilhali folda ya ramani zote ilibaki katika akaunti yake binafsi. Akitafuta nafasi ya picha za arusi, aliifuta. Ofisi ilifungua kompyuta ikakuta patupu, huku wenzetu wa vizimbani wakisubiri mashuani. Bi. Selpha alifika arusini Muhoroni bila mwaliko, akapanga foleni na watoa zawadi, akamkabidhi bwana arusi seti ya sufuria, kisha akamwomba afungue simu. Nasir aliirejesha folda akiwa ndani ya kanzu mpya. Picha ya tukio hilo ipo, na Bi. Selpha humwonyesha kila mgeni, hata asiyeuliza.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi yetu. Anayeondoka hakatiwi keki mpaka aketi kando ya Bi. Selpha, ahamishe umiliki wa folda zake hadi akaunti ya ofisi, na anayempokea azifungue sote tukitazama. Mzee Ondiek, mhasibu wetu wa zamani, alinung'unika kwamba hata marehemu huachwa apumzike. "Ndiyo maana nakuwahi ukiwa hai, Mzee," alijibiwa. "Keti."

Sasa nasikia nafasi ya Bi. Selpha haitajazwa, eti mtandao hujitunza. Nimesoma mengi kuhusu mitambo hiyo na ninaipenda, lakini hoja hii naikataa. Mtandao haukujua kwamba mwenzetu Debra amepata kazi Busia na angeondoka na folda zake. Bi. Selpha alijua kabla Debra hajaandika barua ya kuacha kazi.

Asante, Mama, kwa kutuachia ofisi inayojua vitu vyake viko wapi. Upumzike vyema nyumbani Kisian, na simu ikilia iwe ni wajukuu.

Hata hivyo, keki iko mezani na folda ziko tayari. Kiti kilicho kando ya Bi. Selpha ndicho kitupu, na kwa desturi yake mwenyewe hawezi kuonja hata kipande. Mkurugenzi wetu, Bi. Rehma, siombi jibu la ofisini. Nadai usimame hapa, kabla kisu hakijaguswa, utaje mbele yetu sote jina la atakayeketi hapo kumpokea.