Kumuaga Nesi Evanthia, na Gari Lisilo na Namba

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Kodi, Baba Padri, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wanakijiji wenzangu wa Psilorachi, hapa milimani Ugiriki, mliojibana huko nyuma karibu na jiko: habari za mchana.

Nimepewa heshima ya kumuaga nesi wetu Evanthia, anayestaafu leo, na nimeombwa niongee kwa upole. Nitajaribu.

Mnalijua lile gari la zahanati? Lilichaguliwa na nani? Si daktari, si fundi, wala si mtu aliyewahi kuuona mlima huu mwezi wa Januari. Lilichaguliwa na kodi! Injini ndogo, kodi ndogo, mafuta kidogo. Basi likaletwa, na Evanthia akalisukuma kuliko alivyoliendesha. Na sisi je, tuna ujanja gani? Bei ya petroli huku juu inauma, na ukionekana na injini kubwa ofisi ya kodi inakuhesabu tajiri, hata kama mali yako yote ni kondoo na goti bovu.

Stergios, yule pale mwenye kofia, ana landrova kuukuu aliyoachiwa na baba mkwe wake. Kila Desemba anafanya kama wengi humu ndani: anafungua vibao vya namba, anavikabidhi ofisi ya kodi ili asidaiwe kodi ya gari, na gari linalala zizini mpaka Pasaka, maana bila namba ni marufuku kutia gurudumu barabarani. Kodi ya injini kubwa kama ile kwa mwaka mzima ataiweza nani?

Majira ya baridi yaliyopita mzee Polyzos alipatwa na shambulio la moyo. Evanthia akampakia kwenye kile kigari, kikateleza kwenye kona ya kanisa, kikagoma. Akakimbia kwa Stergios.

"Washa gari, kaka!"

"We Evanthia, una wazimu? Halina namba! Nikikamatwa je?"

"Sema nimekulazimisha. Washa!"

Polyzos yuko wapi? Hebu simama, mzee, wakuone. Iache hiyo pai kwanza. Huyu ndiye ambaye sheria ilimtaka asubiri mpaka Pasaka, namba zirudi, ndipo apelekwe hospitali!

Askari waliwakamata mlangoni pa hospitali. Evanthia akatimiza ahadi: "Mimi ndiye niliyemlazimisha, niandikieni mimi." Nani alimsikiliza? Faini akaandikiwa Stergios, inayozidi bei ya kondoo wake wote, na rufaa yake mpaka leo imelala mezani kwako, Ndugu Mkuu. Nimekasirika, na sifichi. Mtu anaokoa roho ya mwenzake, halafu mnamwandama kama mwizi?

Nilipomuuliza Evanthia anataka zawadi gani ya kuagwa, alinikatiza: "Sitaki saa, sitaki maua. Mfutieni Stergios faini."

Sasa tazameni dirishani. Theluji imekolea. Kigari kilichowaleta wageni wetu, chenye injini ndogo kama sheria inavyopenda, kimeshafunikwa magurudumu. Landrova ya Stergios iko zizini, imejaa mafuta, na vibao vyake viko ofisini kwako. Stergios yuko tayari kuwashusha nyote mpaka mjini. Ana swali moja tu, lile ambalo Evanthia alilijibu papo hapo: akikamatwa je?

Evanthia, dada yetu, Psilorachi nzima inakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kuzivumilia hasira zangu. Ndugu Mkuu, kipaza sauti hiki hapa. Tunakusikiliza.