Mama Makali na Mikono Aliyoifundisha

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni, marehemu mke wangu aliamka kabla yangu kama kawaida yake. Akachemsha chai. Kabla ya kumimina, alikigonga kikombe changu kwa mpini wa bisibisi, akasikiliza, akakitupa kwenye ndoo ya taka.

"Kimepasuka," akasema.

"Mbona sioni ufa?"

"Wewe muuza nyama utaona nini? Kunywa na bakuli."

Nikanywa na bakuli. Akafunga kilemba, akachukua funguo za karakana, akaniambia jioni nisisahau maini. Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho. Binti zangu wamesema wasifu niuandike mimi. Shule sikwenda, kuandika nilijifunza ukubwani, kwa hiyo nitasema machache.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji. Baba yake alikuwa fundi wa breki, mama yake mshonaji. Siku hiyo wafanyakazi walikuwa wamegoma. Baba aliletwa nyumbani amepasuliwa kichwa kwa rungu, akalazwa chumba hichohicho. Mkunga alishona kichwa kwanza, halafu akampokea mtoto, mikono yake bado ina damu ya baba. Mama mkwe alikuwa akisema aliyepiga kelele zaidi ni mzee.

Alisoma shule ya reli mpaka darasa la sita. Mwalimu wa hesabu alikuwa akiwapiga watoto kwenye vifundo vya vidole. Siku alipomvunja kidole mdogo wa marehemu, marehemu alimrukia akamng'ata mkono, na hakuachia mpaka alipomwagiwa maji. Alifukuzwa siku hiyohiyo. Hakurudi, na radhi hakuomba.

Mjomba wake, fundi mkerezaji wa vyuma, alimchukua karakanani afagie. Huko ndiko alikojifunza kunoa keekee, zile ncha za kutobolea chuma, kwa mkono mtupu kwenye jiwe linalozunguka. Mjomba naye alifundisha kwa kipigo. Ukiibana ncha kwenye jiwe kupita kiasi inaungua, inageuka bluu, imekufa, haikati tena. Na wewe unakula mpini wa tupa mgongoni.

Tarehe 2 Agosti 1971 mjomba alifunga jiwe jipya kwa haraka. Njiani lilikuwa limeanguka, na yeye hakuligonga kusikiliza kama lina ufa. Lilipasuka likiwa kwenye kasi. Kipande kimoja kilimchana marehemu shavu, ndilo kovu mlilolijua. Kingine kilimwingia mjomba shingoni. Marehemu aliibana ile shingo kwa mikono yote miwili, damu ikapita katikati ya vidole, mpaka mjomba akaisha. Baada ya maziko alifagia karakana, akafunga jiwe lingine, akaligonga. Tangu hapo aligonga kila kitu: mawe, vikombe, sufuria, hata kichwa changu.

Karakana ikabaki kwake, binti mdogo peke yake. Wanaume wakaja kumjaribu. Mmoja, mnunuzi wa vyuma chakavu, alimshika kiuno akiwa kwenye drili. Marehemu alivuta mkono wa shati la yule bwana akauingiza kwenye keekee inayozunguka. Mashine ilimvua shati, na ngozi kidogo. Hakushikwa tena. Jina la Mama Makali lilianzia hapo, kabla hajawa mama wa mtu.

Lakini wanafunzi wake hakuwapiga. Alisimama nyuma yako, akakushika viganja vyote viwili, mkaenda pamoja kwenye jiwe: egemeza, zungusha, shusha. Cheche zinakurukia kifuani. Ukirudi nyuma, anakusukuma na tumbo.

"Usikimbie cheche. Nikimbie mimi."

Keekee ina midomo miwili. Ikilingana, chuma kinatoka nyuzi mbili, moja kila upande, zimejikunja sawasawa. Siku nyuzi zako zilipotoka hivyo, marehemu alikuachia viganja. Mafundi wengi mliosimama hapa mliachiwa hivyo, waume kwa wake.

Tulioana tarehe 15 Novemba 1975. Mimi nilikuwa mchinjaji, nilimpelekea visu anoe.

"Sinoi visu," akasema. "Kisu kinakata nyama tu, hakihitaji akili."

"Hata mwenyewe hana," nikamjibu.

Akacheka. Nikarudi kesho yake na visu vilevile.

Tulipata binti wawili na mvulana mmoja. Mvulana wetu aliuawa mwaka 1999, kwenye ghasia za mtaani. Alipigwa risasi ya tumbo na bunduki iliyotengenezwa kwa bomba. Ile bunduki ilipookotwa, marehemu aliichungulia ndani. Akasema, "Hii ameitoboa fundi." Alipita karakana moja baada ya nyingine kumtafuta fundi huyo, nyundo mkobani. Hakumpata. Bora hakumpata.

Miaka ya karibuni sukari ilimpunguzia macho. Akawa anakagua ncha kwa kidole gumba. Kazi haikupungua.

Mchana wa Jumanne ile, Toroli alifika karakanani na wanaume wawili tusiowajua. Toroli ni mwanafunzi wake wa mwisho kuachiwa viganja. Alianza kwa kusukuma toroli la vyuma chakavu, na jina likabaki ingawa amekuwa fundi kamili. Yaliyofuata aliyaona mchomeleaji wa jirani, kwenye tundu la bati, na polisi amewaeleza.

Toroli alitoa keekee ndefu aliyoinoa mwenyewe. Marehemu akaipapasa ncha.

"Safi," akasema. "Hapa hata mimi sina la kuongeza. Ya kutoboa nini, mwanangu?"

Mmoja wa wale wanaume akaweka mezani vipande vya chuma cha mviringo.

"Mashine yako tu, mama. Kazi ataifanya kijana."

Marehemu akavipapasa. Akajua ni mitutu ya bunduki. Hakupiga kelele. Aliwasha jiwe, akaikandamiza ile keekee nzuri mpaka ncha ikageuka bluu. Akamrudishia Toroli.

"Toboa sasa."

Mmoja akamwambia Toroli afunge mlango. Toroli akafunga. Wale wawili wakampiga marehemu kwa shafti. Walianza na mikono, kisha mbavu, kisha kichwa. Mchomeleaji alipovunja mlango, wawili wakapita dirishani. Toroli alibaki amesimama, komeo mkononi.

Mafundi wake wakafika. Wakamchukua Toroli, wakambana mikono yote miwili kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kazi mezani, wakaanza kukaza. Mimi nilitoka buchani mbio, aproni kifuani, kisu mkononi. Fundi mkuu akaniambia, "Baba, huyu ni wako." Najua kiungo cha mkono kinaachia wapi. Nilikuwa nimeshafika mezani polisi walipoingia.

Marehemu alipelekwa hospitali. Mbavu zilikuwa zimeingia ndani, jicho moja halikufunguka tena. Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Juni, saa nne asubuhi, sote tukiwepo.

Ameacha mume, binti wawili, wakwe, wajukuu, mdogo wake yule wa kidole, na wanafunzi ambao idadi yao aliijua yeye. Alale salama, na mikono yake ipumzike.

Bado neno moja. Wale wawili wanatafutwa. Toroli ameachiwa jana, awe shahidi. Yuko kwa mama yake, na nyumba wote mnaijua. Wanangu mafundi, nimepita nyuma ya gari lenu asubuhi hii. Nimeona jiliwa limefungwa kwenye ubao, na turubai juu yake. Jiliwa haliji makaburini kuzika mtu. Mnangoja nimalize kusoma, mwende.

Sijasamehe, na mtu asije akaniambia nisamehe. Usiku silali, naiona ile mikono. Mngeniuliza mimi, ningepanda gari mbele, karibu na dereva.

Ila hamkuniuliza mimi. Fundi mkuu alimwuliza mwenyewe, Alhamisi ile, ameinama kitandani: "Mama, tukishakusindikiza tutamfuata Toroli. Tumvunje mikono, au vipi?" Nilikuwa upande wa pili wa kitanda, nilisikia. Fundi mkuu naye alisikia, na tangu siku hiyo hajawaambia wenzake. Basi nawasomea mimi, kama alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza:

"Mikono ile nimeifundisha mimi, haina kosa. Kosa liko kichwani, na kichwa alikuja nacho. Msiiguse."