Mlango wa Kushoto

Sogeeni hapa wanangu, na wewe shemeji zima hiyo simu uketi, maana sauti yangu imebaki ukoko wa chungu, sitaweza kuikwangua mara mbili. Msinililie. Mimi mwenyewe silii. Miguu imekufa ganzi tangu juzi, mikono nayo inafuata, na moyo umeona usibaki nyuma. Nawatazama kama mtu anayetazama watu walio upande wa pili wa kioo. Afadhali hivyo, mtu mwenye ganzi hagawi mali kwa hasira.

Nyumba hii ni yenu wawili, karakana ni yenu wawili, hakuna wa kumfukuza mwenzake. Linalowatoa povu ni gari la marehemu baba yenu, lile jekundu lisilo na paa, na leo nalisemea.

Wewe kifungua mimba wangu, nilipokuwa hospitali ulileta injini kubwa ya pikapu ukaitundika kwenye mnyororo, na mpaka sasa inaning'inia pale karakana kama nyama buchani. Unataka gari liwe na nguvu maradufu, uende nalo kwenye mashindano ya magari ya zamani, watu waseme mtoto wa fundi naye fundi. Kutaka si dhambi. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo huo mimi niliufikia zamani, nimekaa kiti cha kushoto.

Nyinyi mlikuwa wadogo. Baba yenu alitia injini kubwa kabla ya kugusa kitu kingine chochote, breki zile zile, springi zile zile, na bodi isiyo na paa la bati la kuishikilia, maana gari la wazi ni sanduku lililotolewa kifuniko, ukilishika pembe linajipinda. Tulipovuka reli likajikunja kiunoni, mlango wangu ukafunguka wenyewe, nikamng'ang'ania mume wangu mkono naye ananifokea nimwachie usukani. Tukasimama mbele ya duka la magodoro, muuzaji akatoka akasema, "Mama, kama ndivyo mnavyoshuka, siku nyingine nipigie honi nikutandikie."

Akalitengeneza. Akaliinua kwa jeki katikati, mbele na nyuma kukalegea, akachomelea vyuma vizito chini ya milango, pale kwenye vizingiti. Lilivyokuwa limepinda ndivyo chuma kilivyolishika. Alipolishusha, mlango wa kushoto ukakataa kufunga, ukawa wa kufungwa kwa kamba miaka yote. Akasema mlango una ukaidi wa mwanamke, na wewe shemeji ukacheka, na mzaha ukageuka sheria ya ukoo. Mimi niliyelishonea paa la turubai, likichanika pembe ile ile ya kushoto kila nikilishona, nilisema bodi imepinda. Nikaambiwa nishike sindano yangu. Haya, nikashika. Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, lakini wahenga hawakupanda gari la wazi. Mlango haukuwa mkaidi. Mlango ulikuwa shahidi, na shahidi mkamfunga kamba.

Sasa Cheche, kitinda mimba wangu, amekata vile vyuma vya baba yake. Shemeji umekuja hapa kitandani kunishtakia: "Binti yako amechinja gari la marehemu, na gari la marehemu ni la mwanaume." Nakuuliza shemeji, gari hilo lini lilikuuliza wewe ni nani kabla halijawaka? Na kama heshima ya ukoo imechomelewa kwenye chuma kilichopinda, mnataka aiokoe nani, aliyepindisha au anayenyoosha? Usijibu. Nakuuliza tu.

Aliniambia alivyofanya. Alilisimamisha kwenye magurudumu yake manne, uzito wote chini, akailinganisha bodi mpaka milango ikakaa mahali pake, akaifunga, ndipo akachomelea kidogo kidogo, akipima nafasi ya mlango kila baada ya mshono. Ndivyo turubai linavyopimwa, likiwa limevutwa juu ya gari, si likiwa mezani. Lakini tangu amalize hajathubutu kuufungua mlango ule. Anaogopa. Hajaniambia, lakini mama ni mama, najua.

Basi wosia wangu ni huu. Mlango ule ufunguliwe sasa hivi, kisha ufungwe bila kamba. Dirisha liko wazi, karakana iko hapo chini. Nikisikia ule mgongano wa bati ninaoujua, wa mlango unaokataa kufunga, gari ni la kaka mtu, atie injini yake, mimi sitakuwepo kumkataza. Mlango ukifunga, gari ni la Cheche na mpango ni wake: breki mpya kwanza, halafu springi na matairi, gari lijue kusimama kabla halijajua kukimbia, na injini iwe mwisho kabisa, kubwa au ile ile ya zamani, atakavyoona. Wewe mwanangu ile nyama yako ya buchani itie kwenye lori la kuvuta magari, ndiko itakakoheshimiwa, na lori nimekupa. Shemeji, wewe nimekuachia kamba.

Msicheke sana, nachoka.

Paa jipya nimeshalishona, limo chini ya kitanda hiki. Pembe ya kushoto sikuitia kiraka. Mkinizika, nibebeni kwa lori, lile jekundu lisinisindikize, halijamaliza kutengenezwa. Mungu awape mikono inayosikia chuma kabla hakijalia. Mpishane bila kugongana. Mkienda, mrudi.

Nenda, Cheche. Usiubamize. Usukume kwa vidole tu.

Kaka mtu, simama dirishani.

Anafanya nini... Mwambie afunge, mimi sina siku nzima.

Mbona kimya? Sijasikia kitu. Labda masikio nayo... ganzi... Mbona umeinamisha kichwa, mwanangu? Niambie.

Mlango umeshafunga?

Kumbe ndiyo sauti yake.

Ufunguo wa gari uko mfukoni mwako. Mpelekee dada yako.