Leota Tackett na Maji ya Calder Wells

Leota Ruth Tackett, binti wa Alma na Hester Brimhall, alizaliwa tarehe 3 Machi 1911 hapa Calder Wells, Nevada, katika nyumba iliyojengwa kwa mataruma mabovu ya reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yake, Mzee Alma, aliingia jangwa hili mwaka 1904, reli ikiwa bado mchoro karatasini. Alisimika nguzo penye chemchemi, akaibandikia tangazo la kudai maji lenye jina lake, kisha akachimba mfereji hadi shambani akisaidiwa na nyumbu wawili. Mwaka uliofuata ndipo garimoshi lilipokuja na kiu yake, na mji ukaota kandokando ya tangi la kunyweshea injini. Tunayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani reli ndiyo iliyoleta maji.

Marehemu alisoma shule ya hapa mjini, kisha akaenda Reno kusomea ualimu. Akiwa huko, mambo ya nyumbani yaliharibika, ingawa chanzo chake kilikuwa cha nyuma. Sheria ya maji ya hapa hata mtoto anaijua: aliyetangulia kuchimba ndiye anayetangulia kupata, na asiyetumia maji yake miaka mitano huyapoteza. Ukame ulipobana mwaka 1925 na visima vya majirani vikakauka, Mzee Alma alifunga lango la mfereji wake ili maji yateremke mjini. Mkewe alimuuliza, "Na shamba je?" Akajibu, "Shamba halina watoto, mama Leota."

Alilifunga hadi ukame ulipokwisha, na miaka mitano ikawa imetimia. Mwaka 1930 shirika la reli lilikwenda kwa afisa wa maji kudai kwamba Brimhall ameyatelekeza maji yake. Siku ya shauri ukumbi ulijaa watu waliokunywa maji hayohayo. Wote walikuwa wakila mshahara wa reli, na hakuna aliyefungua kinywa. Wahenga wanasema tenda wema nenda zako. Yeye alitenda wema, na maji ndiyo yaliyokwenda zake. Reli ilipewa fungu la kwanza, naye akatoka na fungu la mwisho, yaani kile kinachobaki kila mtu akishachukua chake.

Leota alirudi mwaka 1931 na cheti chake, akafundisha shule ya Calder Wells kwa miaka arobaini. Wengi mlioketi hapa mmepita mikononi mwake, na masikio yenu yanamkumbuka. Hakupenda mwanafunzi mvivu, na hakupenda hata kidogo mwanafunzi anayejua jibu akanyamaza.

Tarehe 16 Juni 1934 alifunga ndoa na Emmett Tackett, mtunza pampu wa reli. Mji mzima ulicheka. Alipokuja kuposa, Emmett alileta pipa la maji juu ya mkokoteni, maana kiangazi kile fungu la akina Brimhall halikutosha hata kufulia. Leota alisimama mlangoni akalitazama.

"Emmett, haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye tangi letu."

"Basi unaniposa kwa maji yangu mwenyewe."

Emmett akavua kofia. "Sasa nikuletee nini?"

"Lishushe kwanza. Tutazozana baadaye."

Walizozana kwa mapenzi hadi Emmett alipofariki mwaka 1975, na Mungu aliwajalia Verda na Dell.

Mwaka 1952 injini za mvuke ziliondoka, zikaja za dizeli ambazo hazina haja na tangi. Leota aliona mlango umefunguka. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma: kama baba yake alinyang'anywa kwa kutotumia, sasa ilikuwa zamu ya reli. Alichokifanya ni kusubiri miaka mitano akiwa kimya. Hata mumewe hakumwambia, kwa sababu Emmett hakuweza kutunza siri hata ya keki ya siku ya kuzaliwa. Mwaka 1957 alivaa gauni lake la kanisani akaenda kwa afisa wa maji Carson City kudai haki. Shirika la reli lilijibu kwamba maji yake hayajalala hata kiangazi kimoja, kwani yanamwagilia ukoka wa stesheni, na afisa akalipa ushindi. Aliporudi alimkuta Emmett palepale stesheni, mpira wa maji mkononi.

"Umekuwa ukimwagilia nyasi hizi tangu lini?"

"Tangu injini ziache kunywa. Pampu isipofanya kazi si wataniachisha?"

"Kila kiangazi?"

"Kila kiangazi. Huoni zilivyopendeza? Watoto wako wa shule wanachezea hapa."

"Umenimaliza, mume wangu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Swali hilo lilimkera kuliko hukumu yenyewe. Majira yote ya baridi waliongea kupitia kwa Dell.

Baadaye reli iliiuzia halmashauri ya mji haki ile. Leota alibaki na fungu lake la mwisho, na kila mwaka theluji ya milimani ilipoyeyuka alifungua lango, akapanda mahindi na maboga kwa kadiri maji yalivyomruhusu. Halmashauri iliwahi kutaka kuiita bustani ya stesheni kwa jina lake. Aliwaambia, "Jina ninalo. Nipeni maji."

Alianza kuugua figo mwaka 1984. Daktari alipomwagiza anywe maji mengi, alimuuliza, "Ya nani?" Hata hivyo aliendelea kwenda mferejini kwa fimbo hadi mwaka jana. Alikuwa kitandani halmashauri ilipodai kwamba fungu lake nalo limetelekezwa, na kwamba kwa miaka mitano hakuna kilichoota shambani kwake. Familia haitaficha: jambo hili limetuchoma na linaendelea kutuchoma. Mdogo wake Orrin alipompa habari, alifumba macho akasema, "Na hao niliwafundisha hesabu mimi." Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Julai 1986, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha watoto wawili, Verda wa Seattle na Dell wa Sacramento, wajukuu watano, na mdogo wake Orrin Brimhall, mwenye miaka sabini na miwili. Familia inawashukuru kwa maua. Shauri litasikilizwa Alhamisi saa tatu asubuhi, katika ukumbi uleule, na Orrin atasimama mahali aliposimama baba yake. Barabara ya kwenda makaburini inapita kando ya shamba lile, na hakuna hata mmoja wenu asiyeipita. Mwenyezi Mungu ampe Leota pumziko la amani, na aliyeliona lango lake likiwa wazi aje aseme.