Benchi Latangaza Vita kwa Ajili ya Waya

Siku ya tatu bila mtandao, duka langu la kutoa kopi halikuwa na kazi, nikapata nafasi ya kusikiliza benchi la mbele likiendesha dunia. Redio ilisema waya mkuu wa chini ya bahari umekatika, na kuna meli ya kigeni inashukiwa. Basi, yakaanza. Pale benchini hoja hupitishwa kwa kuinua vikombe, na kikombe kitupu hakina kura. Ndiyo maana Mama Birika, muuza kahawa, anapenda sana siasa. Pembeni alikaa Fundi, mshonaji, akibonyezabonyeza simu. Maombi ya binti yake ya chuo cha uuguzi yalikuwa yanafungwa siku hiyo saa kumi jioni.

— Meli izamishwe! alisema Kamanda, mlinzi mstaafu wa ghala la magodoro.

— Kwa ushahidi upi? Kushukiwa ni kushukiwa tu, alisema Wakili, aliyeiacha sheria mwaka wa pili. Kwanza tuwaandikie barua pepe.

— Kwa mtandao gani?

Wakili akanywa kahawa.

— Mimi nasema tukate waya wao, alisema Kinyozi.

— Waya ni uleule, bwana! Tunautumia pamoja.

— Basi tukate upande wao.

Vikombe viwili juu. Hoja ikapita.

— Halafu tuweke walinzi huko chini, alisema Kamanda.

— Watapumua nini?

— Watapewa zamu fupifupi.

— Afadhali tufundishe papa, alisema Kinyozi. Papa hahongeki.

— Nani kakudanganya? Yule mpe nyama kidogo tu, anasaini popote.

— Fundi, inua kikombe! Hili ni suala la taifa.

— Mwanangu amebakiza saa tatu, alisema Fundi.

— Si ndiyo maana tunapigana!

Hapo binti mwenyewe akatokea, bahasha kifuani, anahema.

— Shikamooni.

— Marahaba! wakaitikia kama bunge zima.

— Baba, nimewapigia simu chuoni. Wanapokea fomu za karatasi, mkono kwa mkono. Basi la kwenda huko linapandiwa wapi?

Fundi hakujua, akawageukia wenzake. Kamanda akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Kinyozi. Kinyozi akakuna kichwa alichokinyoa mwenyewe.

— Hilo, mwanangu, alisema, mpaka tuangalie kwenye mtandao.

Mama Birika akakitwaa kikombe mkononi mwa Fundi, kingali kimejaa.

— La bluu, nyuma ya posta. Kimbieni!